Malai Mnayotaka Kuyaondoa Nyumbani Kwetu

Kwa Muuguzi Mkuu,
Kliniki ya Watoto.

Ndugu Muuguzi Mkuu,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MTOTO WETU KUHAMISHIWA KWENYE MAZIWA YASIYO NA MALAI

Naanza na salamu nyingi, tena za moto, kwa sababu mimi ni mtu niliyeolewa juzijuzi na furaha niliyonayo haitoshi kukaa ndani ya nyumba yetu. Lazima nyingine niigawe. Tangu harusi sijalalamikia kitu chochote. Maji yakikatika, nacheka. Foleni ikiwa ndefu, naona nimepata nafasi ya kumfikiria mume wangu bila kusumbuliwa. Kwa hiyo ukiona mtu kama mimi ameshika kalamu kulalamika, ujue jambo limemfika shingoni.

Mimi ndiye yule mwenye gauni la njano niliyemleta Meneja kupimwa. Meneja ni mtoto wa mume wangu kwa ndoa yake ya kwanza, na jina hilo alipewa kwa sababu hutembea mikono nyuma akikagua mambo, na akikuta kitu hakijakaa sawa hukitikisia kichwa. Pale kwenu alikagua mapipa yote ya taka, kisha akamzuia mlinzi wenu kupita. Mimi nampenda kama niliyemzaa, na yeye ananipenda kama mfanyakazi mpya anayejitahidi.

Muuguzi wako wa kwenye mizani alimpima, akaweka nukta kwenye kadi, akaifurahia ile nukta, halafu akasema: "Mtoto ametimiza miaka miwili, anakula vizuri, anakua vizuri. Sasa mnaweza kumtoa polepole kwenye maziwa yenye mafuta yake yote, mkampa yale yaliyopunguzwa mafuta." Alisema hivyo huku akifunika kalamu yake, kama mtu aliyesema jambo dogo. Ndugu Muuguzi Mkuu, maneno hayo yameingia katika ndoa yangu kama mchwa kwenye mlango mpya. Malalamiko yangu ni haya.

1. Muuguzi wako hakuniuliza habari za ndoa yangu. Aliuliza chanjo, akauliza choo, usingizi, meno, hata kama mtoto anakula udongo. Ndoa hakuigusa. Mwisho wa maswali, kabla ya kupima, alisema, "Kuna kingine, mama?" nami nikasema hakuna, maana nilidhani ananiuliza kwa adabu tu. Laiti angeuliza vizuri ningemweleza yafuatayo, na leo wewe ungekuwa unakunywa chai yako kwa amani.

2. Mume wangu ni fundi wa kufuli na funguo, na si mtu wa maneno. Wako watu wanaosema kidogo. Yeye hata hicho kidogo anakiweka akiba. Tulijuana siku nilipojifungia nje ya duka la fotokopi ninakofanya kazi, funguo ziko ndani juu ya mashine, na wateja wamejaa barazani wakinipa ushauri. Alikuja na kisanduku chake, akapiga magoti mbele ya kitasa, akaegemeza sikio kama daktari anayesikiliza kifua, kitasa kikalia ka! Akasema, "Tayari." Basi. Neno hilo moja ndilo lililonimaliza. Baada ya hapo akawa anakuja kila alasiri kutoa fotokopi ya kitambulisho chake, kilekile, mpaka nikaikariri tarehe yake ya kuzaliwa. Siku ya kunichumbia aliweka ufunguo mpya juu ya meza. Nikamwuliza wa nini. Akasema, "Wa mlango." Nikamwuliza mlango gani. Akasema, "Wetu." Nililia mpaka cheti cha mteja kikalowa.

Sasa sikiliza. Asubuhi ya kwanza baada ya harusi nilimkuta jikoni ameshachemsha maziwa ya Meneja. Yalikuwa yanapoa, na juu yake malai yameganda, mazito, yamekunjamana kidogo kama shuka. Mume wangu akachukua kijiko, akayaengua yote kwa mara moja bila kuyachana, kwa mkono uleule unaofungua kufuli zilizowashinda wengine, akageuka, akaniwekea mdomoni. Hakusema kitu. Mimi nikasema asante. Tangu siku hiyo haijapita asubuhi bila kijiko hicho. Wanawake wengine huandikiwa ujumbe kwenye simu, wenye mioyo myekundu na maua. Mimi napewa malai. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wa mume wangu unakaa kwenye kijiko.

Niambie basi, maziwa yaliyopunguzwa mafuta yatatoa malai gani? Na malai yasipokuwapo, mwanamume huyu atanieleza kwa kitu gani kwamba ananipenda? Hilo ndilo ninaloliogopa. Mengine yote utakayoyasoma humu ni matawi tu ya mti huo.

3. Naupinga umri wa mtoto. Kadi inasema miaka miwili, sikatai, lakini kadi hiyo ilianza kuandikwa mimi sijafika. Mimi Meneja nimempata siku ya harusi. Kwa hiyo kwa upande wangu umri wake ni sawa na umri wa ndoa yetu, na kwa hesabu hiyo bado ni mchanga kabisa na haguswi. Nilipomweleza muuguzi wako hoja hii, alinijibu kwamba mtoto wa umri huo hapaswi kupewa maziwa ya ng'ombe ya aina yoyote, bali anyonye tu. Nilimtazama Meneja. Alikuwa anatafuna yai huku akimkemea mtoto mwingine kwa kulia. Nikaona hoja hiyo niilegeze kidogo: mhesabuni kuwa na mwaka mmoja na nusu, tukutane katikati kama watu wazima.

4. Nalalamikia swali nililoulizwa mbele za watu. Alipokwisha kutoa agizo lake la maziwa, nilianza kumsimulia habari za kijiko, kwa nia njema kabisa, akanikatiza.

"Ngoja kwanza, mama. Malai ya maziwa ya mtoto anakula nani?"

"Mimi."

"Yote?"

"Yote, dada. Ananilisha baba yake."

"Kwa hiyo tangu mfunge ndoa huyu mtoto anakunywa maziwa mliyoyaengua?"

"Hayakuenguliwa na mwizi, dada. Yameenguliwa kwa mapenzi."

"Mapenzi hayajengi ubongo, mama! Kabla ya miaka miwili mafuta yale yalikuwa yake. Bahati yenu anakula yai na parachichi kama mtu anayelipwa." Halafu akafunua pazia akamwita mwenzake, "Wee, hebu njoo umsikie huyu bi harusi!"

Ndugu Muuguzi Mkuu, mimi nimesoma hadi kidato cha nne na hoja ikipinda naiona. Kwanza nimesemwa kwa sababu nimempunguzia mtoto mafuta. Papo hapo nimeagizwa nimpunguzie mtoto mafuta. Kama jambo hilo ni baya, mbona mnaniagiza? Na kama ni zuri, mbona nilisemwa? Alinijibu kwamba tofauti ni umri, jana lilikuwa baya na leo ni zuri. Basi kosa langu ni kwamba niliwahi. Nilipokuwa shule, aliyemaliza kazi kabla ya wenzake alipigiwa makofi, hakuitiwa mtu wa nyuma ya pazia.

5. Nalalamikia mizani. Yule mwenzake alipotoka nyuma ya pazia, alinitazama juu mpaka chini akaniomba nipande. Nilipanda kwa sababu nina heshima. Mshale ulikwenda, ukaendelea kwenda, ukafika mahali ambapo wauguzi wako wawili walitazamana. Sijui uzito wangu umeandikwa wapi, na kama umeandikwa kwenye kadi ya Meneja naomba ufutwe, maana mtoto hana hatia. Habari hizi zimemfikia wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye anakaa nyumba ya pili na hapitwi na jambo. Alikuja amebeba kicheko chake mkononi kama kapu.

"Wifi yangu, hii ni ajabu ya dunia," akasema. "Mwenye kadi ya kliniki ni mtoto, anayenenepa ni wewe. Unamnenepea kwa niaba?"

Nikamwambia kunenepa kwa mke ni sifa ya mume. Akasema, "Basi kaka yangu atasifiwa mpaka mlango upanuliwe. Bahati nzuri ni fundi." Gauni la harusi nililitoa kabatini ili nimkomeshe. Nililirudisha kabatini bila kulivaa, kwa sababu za hali ya hewa.

6. Msiseme kwamba tulikataa kutii. Tulitii, na hapo ndipo nilipoumia. Mume wangu alinunua pakiti ya maziwa yaliyopunguzwa mafuta, akayamimina kwenye sufuria, akayachemsha kwa uangalifu wote, akayaepua, akasimama na kijiko. Tukangoja. Hakikutokea kitu. Maziwa yalikuwa yametulia, meupe, hayana habari na sisi. Akayarudisha motoni. Akayaepua tena. Akainama akayachungulia kwa ubavuni kama anavyochungulia tundu la ufunguo. Meneja naye alikuja, mikono nyuma, akachungulia, akatikisa kichwa. Mwishowe mume wangu alichukua kijiko kile kitupu akaniwekea mdomoni. Nami nilikipokea, nikamwambia asante. Ndugu Muuguzi Mkuu, wewe umewahi kula kijiko kitupu kwa mapenzi? Ni cha baridi.

Siku iliyofuata alijaribu siagi. Aliikata kwa kijiko kutoka kwenye kopo akanilisha, na ndipo wifi alipoingia bila kubisha hodi. "Mnalishana siagi?" akauliza. "Kavukavu? Hata mkate hamna? Keki ya harusi iliisha zamani jamani, rudini duniani!" Mume wangu akashika kisanduku chake akaenda kazini. Hakusema lolote, lakini nimeshaanza kuvijua vimya vyake, na hicho hakikuwa kimya cha raha. Kilikuwa kimya cha fundi ambaye ufunguo umemkatikia ndani ya kitasa.

Nilipokwenda kumweleza muuguzi wako haya, alinishauri kwamba tununue maziwa kamili kwa ajili yetu na yale mengine kwa ajili ya mtoto. Ushauri huu ni wa mtu asiyejua mapenzi. Malai yale yalikuwa na maana kwa sababu yalipatikana katikati ya kazi ya kulea, kama ua linaloota kando ya karo la kuoshea vyombo. Ukiyachemshia maziwa ya makusudi yanakuwa chakula tu.

7. Hili la mwisho silisemi kwa ajili yangu, nalisema kwa ajili yenu. Watoto wote wanafika miaka miwili, sijasikia aliyekwepa. Kama kila anayefika anaondolewa malai, basi kuna nyumba nyingi ambazo asubuhi hii mume amesimama na kijiko na hana la kufanya. Mume asiye na la kufanya hutoka mapema. Akitoka mapema, hurudi amechoka. Akirudi amechoka, mke hununa. Wanandoa walionuniana hawazai. Watu wasipozaa, nani atakuja kwenye mizani yenu? Mtakaa pale, wewe na muuguzi wako na mwenzake wa nyuma ya pazia, mkipimana wenyewe kwa wenyewe. Mnalikata tawi mlilolikalia, tena kwa msumeno mliounoa wenyewe, na mimi niliye chini nawapigia kelele mnadhani nawatukana.

Kwa hiyo naomba mambo machache ambayo hayatawagharimu kitu. Kwanza, miaka miwili ya Meneja isogezwe mbele mpaka atakapopata mdogo wake, jambo ambalo, malai yakirudi, naamini halitachelewa. Hilo likishindikana, nipewe cheti chenye muhuri kinachosema kwamba ninatumia malai kwa ushauri wa kliniki, nikibandike jikoni mahali wifi anapoweza kukisoma. Na hilo nalo likishindikana kabisa, basi atumwe muuguzi mmoja, yule mpole wa chumba cha chanjo, aje amfundishe mume wangu kusema "nakupenda" taratibu, kama mnavyofundisha kina mama kumwachisha mtoto ziwa: leo nusu neno, kesho neno, asishtuke. Mimi nitangoja. Mtu aliyengoja nje ya duka lake mwenyewe anajua kungoja.

Sina ugomvi na maziwa yaliyopunguzwa mafuta. Najua mnafanya kazi ya maana, najua kwamba mtoto chini ya miaka miwili anayahitaji mafuta kuliko mimi, na nimejifunza, na nikijaliwa mwingine sitamgusia maziwa yake hata kwa ncha ya kidole. Ila mtoto huyu amevuka, na mimi nimebaki ng'ambo.

Nisalimie muuguzi wa mizani, na umwambie sina kinyongo. Nisalimie na yule wa nyuma ya pazia, mlinzi aliyezuiwa na Meneja, mama anayegawa namba, na watoto wote waliokuwa kwenye benchi siku ile, hasa yule aliyekemewa. Wanaonyonya wanyonye, wanaotambaa watambae, na wenye wapenzi wao wawashike vizuri.

Ni mimi, mwenye furaha nyingi na huzuni moja,

Mke wa Fundi Kufuli.

BAADA YA SAHIHI: Nilimpa mume wangu barua hii aipitishe kwenu, kwa sababu kibanda chake kiko njia hiyo, na bahasha nilikuwa sijaigundisha. Aliisoma amesimama na kisanduku begani. Alipofika katikati alikiweka kisanduku chini. Alipofika mwisho alikaa kwenye kigoda cha Meneja, ambacho hakikutengenezwa kwa mtu wa kiasi chake, akanitazama.

"Mke wangu," akasema, "kwani wewe unapenda malai?"

"Nakupenda wewe."

"Sijauliza hilo. Malai."

Ndugu Muuguzi Mkuu, katika ndoa yetu hatujawahi kudanganyana. Nikamwambia ukweli: malai yananitia kichefuchefu tangu utoto, lakini kwa kuwa yeye anapenda kunilisha, nayameza.

"Mimi napenda?" akasema. "Mimi nikiyaona tu mwili unanisisimka! Nayaengua ili yasinitazame. Asubuhi ile ya kwanza sinki lilikuwa limejaa vyombo vya harusi, sina pa kuyatupa. Nikageuka na kijiko, nikakukuta umeachama."

"Nilikuwa napiga mwayo!"

"Ukasema asante. Ukafumba macho. Nikasema moyoni, kumbe nimeoa mtu wa malai."

"Nilifumba macho ili yashuke!"

Hapo akacheka mpaka kigoda kikavunjika mguu, na akiwa pale sakafuni akaanza kusema. Alisema kwamba kila asubuhi hubaki mlangoni akijifanya anatafuta kiatu, kumbe ananisikiliza nikiimba. Alisema kwamba akikosea kazi huwa anajiuliza mimi ningecheka vipi, halafu kazi inakuwa nyepesi. Alisema na mengine ambayo si ya kuandikia ofisi ya umma. Wakati wote huo Meneja alikuwa amejichukulia kikombe cha maziwa ya pakiti, yale yasiyo na kitu, akayanywa yote, akafuta mdomo kwa mkono, akasema, "Tena." Hakuuliza mafuta yamekwenda wapi. Tumemwongeza.

Kwa hiyo futeni lalamiko la kwanza mpaka la saba pamoja na maombi yote, muuguzi mpole abaki kwenye chanjo zake, na umri wa Meneja uendelee kama ulivyo. Barua naileta hivyohivyo kwa sababu nilishaiandika kwa mwandiko mzuri. Naileta mwenyewe. Nilimwomba mume wangu aipeleke kama tulivyopanga, akasema nitangulie nayo, yeye atafunga mlango anifuate, maana bado hajamaliza kuongea nami.